Mfuniko wa mbao wa akwariamu umepinda wiki ya pili na samaki wawili wamekufa, kosa liko wapi?

#1 Bwana Kidimbwi
Wakuu habari za jioni. Nina tanki la samaki, urefu sm 120, upana 45, kina 50, nafuga mbuna. Shida yao wanaruka, nimeshaokota wawili nyuma ya kabati wamekauka kama dagaa, na paka wa jirani akaanza kuja kukaa pale kila jioni utadhani ana miadi. Nikasema ngoja nitengeneze mfuniko mwenyewe, ule wa boksi la mbao unaoficha taa ndani.

Nilichofanya: mbao mbili za mninga za inchi moja nimeziunga kwa gundi kupata upana wa juu, fremu ya ndani papi za 2x2 zilizobaki nilipoezeka banda, vanishi nje mikono mitatu, ndani mkono mmoja maana ndani nani anaona. Taa ni tyubulaiti nne za futi mbili (za futi nne ziligoma kuingia, zimezidi kidogo tu aisee), choki zake zote (vile vidude vya kuwashia tyubu na kudhibiti umeme wake) nimezifunga humohumo. Nikaacha ikauke siku mbili nikaweka juu ya tanki. Ilipendeza mpaka mama watoto akapiga picha akaweka status.

Sasa wiki ya pili kingo za mbele na nyuma zimeinuka katikati pamebonyea, ukimwaga maji hapo juu yanakaa kama kwenye sahani. Na samaki wawili wamekufa, mmoja Jumatatu mmoja Alhamisi. Waliobaki tisa wanakula vizuri. Je ni mbao au ni mimi?

#2 Ngoja Ninywe Chai
Mimi niko siti ya mbele. Mbuna ndo nini mkuu, mbuni mdogo?

#3 MsumenoButu
Nilikuwa nasoma kimya nikafika hapo "ndani nani anaona" nikacheka peke yangu karakana nzima inanitazama. Mvuke unaona mkuu. Mbao inavimba kwa upana sio kwa urefu, upande wenye vanishi nyingi maji hayaingii, upande wa chini wenye mkono mmoja unakunywa mvuke usiku na mchana, kwahiyo chini kunatanuka juu kumebaki vilevile, lazima kingo zinyanyuke. Ulivyoeleza mwenyewe umbo lake ndo ushahidi, ingekuwa imelowa juu ingepinda kama kobe.

Kanuni ya mfuniko wa samaki ni kinyume cha meza ya sebuleni, ndani ndo unapaka zaidi kuliko nje. Na kwenye ncha za mbao kule zilikokatwa (pale mishipa inapotokea) unapaka mara mbili ya kwingine maana pale mbao inavuta maji kama mrija. Halafu juu pale usingetumia mbao pana kabisa, ungechukua marini plai (plaiwudi ya kustahimili maji) ya mm 18 au hata 12, ile imepangwa tabaka moja hivi tabaka moja vile, haina pa kupindia. Mninga wako ungeuweka mbele kwa urembo.

Hilo la samaki kufa silijui, mimi samaki nawajua wakiwa na ugali.

#4 chizi_samaki
Mkuu samaki wamekufa kwa joto na kukosa hewa. Umefunga boksi, ndani una taa nne na choki nne. Choki za zamani zile za chuma zinachemka huwezi kuweka kiganja. Joto lote limekaa juu ya maji. Na maji yakiwa na joto digrii 32 oksijeni inakuwa nusu ya maji ya digrii 25. Toa choki nje, toboa matundu nyuma, au bora nyuma pote pabaki wazi, ukutani nani anaona (hapo ndo ungetumia huo usemi wako).

#5 Kijana wa South B
Sasa wadau. Mimi nilitengeneza yangu na MDF (ile bodi ya nyuzi za mbao zilizogandamizwa) nikiwa Nairobi, fundi wa jua kali akanichanganya ati MDF iko smart na haipindi. Ukweli haikupinda. Ilivimba tu. Ikakuwa kama mkate umewekwa kwa chai, skrubu zikaanza kutoka zenyewe moja moja, nikaamka asubuhi mlango wa mbele uko ndani ya maji na samaki wamejificha chini yake wakidhani nimewaletea pango. MDF iache kabisa boss. Pole na samaki.

#6 Bwana Kidimbwi
Asanteni wakuu. Namba 3 umenichana lakini nimeelewa. Namba 4, joto nimepima leo saa nane mchana taa zikiwa zimewaka tangu asubuhi, maji digrii 31. Kabla ya mfuniko yalikuwa yanacheza 28, 29. Pampu ya hewa ipo inafanya kazi muda wote, iko kwenye kabati chini.

Namba 2, mbuna ni samaki wa mawe wa ziwa Nyasa, wana rangi kama wa baharini ila wa maji baridi. Maji baridi maana yake si ya chumvi, usije ukaniletea barafu.

#7 Mwanamaji
Ziwa Nyasa au ziwa Malawi? Natania tu. Jina mbuna lenyewe ni la Kitonga cha huko upande wa Malawi, wavuvi waliwaita hivyo hao wanaoishi miambani. Sisi wa Kigoma tuna wetu wa Tanganyika hatuwaonei wivu.

Sasa serious. Mkuu umesema fremu ya ndani ni papi zilizobaki kwenye kuezeka. Hizo papi zina rangi ya kijani kijani? Kama ndiyo hizo ni mbao za dawa, na dawa yake mara nyingi ina shaba, kromiamu na arseniki, imewekwa humo makusudi iue wadudu na kuvu. Mvuke unapanda unagusa papi unakuwa matone unarudi kwenye maji, kila siku, wiki mbili. Shaba na samaki haviendi pamoja na ungekuwa na konokono au kamba wangekufa wa kwanza kabisa. Mimi sihangaiki na joto wala vanishi, hapo kwenye papi ndo pa kuangalia.

#8 Bwana Kidimbwi
Nimeenda na tochi kuangalia. Ni za kijani. Mungu wangu.

#9 Ngoja Ninywe Chai
Kesi imefungwa, naomba kuwasilisha.

#10 Ticha wa Fizikia
Haijafungwa. Kwanza namsahihisha chizi_samaki kwa heshima zote: sio nusu. Maji ya digrii 25 yakishiba hewa yanashika oksijeni kama miligramu 8.3 kwa lita, ya digrii 30 kama 7.6. Hilo ni punguzo lisilofika asilimia kumi. Kinachoongezeka ni mahitaji ya samaki mwenyewe, mwili ukipata joto unatumia oksijeni zaidi, ndo maana wanahema juu juu. Digrii 31 ni nyingi kwa mbuna ila sio kwamba ghafla hewa imeisha, hasa kama pampu inafanya kazi.

Kinachoweza kuwa kimetokea ni hiki: zamani tanki lako lilikuwa wazi, maji yanapaa, na maji yakipaa yanaondoka na joto. Tanki lako tukitoa mawe na mchanga tuseme lita 230. Lita moja tu ikipaa inabeba joto ambalo lingetosha kushusha hizo lita 230 kwa zaidi ya digrii 2 (chumba kinarudisha sehemu kubwa, sawa, lakini umeona ukubwa wake). Ukafunga boksi, mvuke hauna pa kwenda, unagonga mbao unarudi, joto linabaki. Hapo hapo unapata vyote viwili, maji ya moto na mbao iliyopinda.

Pili Mwanamaji, maji ya mbuna ni magumu (yana madini mengi) na pH iko juu, kwenye maji ya aina hiyo sumu ya shaba inapungua makali. Sisemi papi zibaki, zitolewe leo. Nasema usimnyonge mtuhumiwa mapema.

#11 chizi_samaki
Sawa ticha nimekubali nusu haikuwa nusu 😂 Lakini point yangu ya choki iko palepale.

#12 binti_Ukunda
Jamani mbona mwaruka vanishi? Kasema mwenyewe siku mbili tu. Ile vanishi ya mafuta ukiigusa kesho yake waiona kavu lakini ndani bado mbichi, harufu yatoka wiki mbili tatu, na hapa pwani penye unyevu ndio zaidi. Mie baba alikuwa fundi wa majahazi, alikuwa hakubali kitu kilichopakwa kiguse maji mpaka akinuse. Hakuwa na kipimo kingine, ni pua. Wewe ulinusa?

Halafu hiyo pampu ya hewa, ikiwa yavuta hewa ya chumba chenye harufu ya vanishi, basi wawapulizia samaki thina masaa ishirini na nne.

#13 MsumenoButu
Dada yangu wa Ukunda hapo kwa baba yako nimepapenda, nami nanusa. Ila inategemea vanishi gani. Zile za kupuliza kwa kompresa zinakauka kwa thina kuruka, siku mbili zinatosha kabisa, shida yake hazipendi mvuke, zinafanya ukungu mweupe. Za mafuta na zile za poliyurethani za kopo ndo za kusubiri, mimi namwambia mteja wiki tatu akibisha namwambia nne. Bwana Kidimbwi yako ilikuwa ipi?

Na gundi je? Kama ni ile nyeupe ya kawaida ya maji utaona muungo wa zile mbao mbili unaanza kufunguka sasa hivi. Gundi zina madaraja, soma kopo, utafute D3 au bora D4, hiyo inastahimili unyevu.

#14 Bwana Kidimbwi
Vanishi ya kopo, imeandikwa poliyurethani. Harufu ilikuwepo ila niliona kama harufu ya kitu kipya, nikaipenda. Gundi nyeupe. Muungo umeanza kuachia upande mmoja unaingia kadi ya simu.

Kwa ufupi nimekosea kila kitu isipokuwa vipimo.

#15 Kijana wa South B
Na vipimo tube zilikataa kuingia 😂😂😂

#16 Mpemba Muscat
Assalaam alaykum. Miye niko Muscat mwaka wa nane huu, huku kiangazi nje digrii 45 mtu akikwambia kaona 48 usimbishie. Mfuniko wangu wa mbao ya mtiki una mwaka wa tano haujapinda hata unywele. Siri ni feni mbili ndogo za kompyuta za volti 12, moja yaingiza hewa kushoto moja yatoa kulia, zapuliza juu ya uso wa maji. Zashusha digrii tatu kirahisi na mbao yabaki kavu kwa ndani. Kazi yake tu ni kuongeza maji kila siku, ndoo haikai mbali.

#17 Ticha wa Fizikia
Mpemba hapo sawa ila usiwape watu wa Dar matumaini makubwa sana. Feni inafanya kazi kwa kupaisha maji, na maji yanapaa vizuri hewa ikiwa kavu. Kama kwako ndani kuna AC hewa yake ni kavu. Dar mwezi wa tatu hewa imeshashiba maji, feni itashusha digrii moja, mbili ukibahatika. Bado weka, mbao itakushukuru hata kama samaki hawajaona tofauti.

#18 Mpemba Muscat
Kweli AC yawaka usiku na mchana, hilo sikulitaja. Na bili yake sitaitaja vilevile.

#19 Mchumi Mstaafu
Habari za humu. Swali la nje kidogo, hiyo mbao una hakika ni mninga? Mninga uliokauka unasifika kwa kutopinda, ndo maana watu wanatengenezea milango na vitanda vya urithi. Nilinunua meza ya "mninga" kwa fundi mmoja, mvua za kwanza ikawa nyeupe pale rangi ilipochubuka. Kumbe paini imepakwa.

#20 MsumenoButu
Mzee shikamoo. Mninga uliokauka, neno ni hilo la mwisho. Mbao ikitoka msituni inakuja na maji yake, ikipasuliwa leo ukaifanyia kazi kesho itapinda hata ingekuwa mpingo. Kujua ni rahisi, kata kipande pima kwenye mzani wa duka, kianike kivulini penye upepo wiki mbili, pima tena. Kikipungua sana basi uliuziwa mbichi. Kama ni paini iliyopakwa kwangua kwa wembe sehemu isiyoonekana.

Na vumbi la mninga usilivute ukipiga msasa, funga kitambaa puani, mvule ndo mbaya zaidi unakohoa na kuwashwa ngozi wiki nzima.

#21 Mchumi Mstaafu
Marahaba. Meza bado ninayo, nimeifunika kitambaa.

#22 Bwana Kidimbwi
Wakuu naomba nitoe taarifa kamili maana nimekaa na familia jana usiku nikauliza vizuri. Jumamosi kabla ya yule samaki wa kwanza kufa, binti wa kazi alipuliza dawa ya mbu chumba kizima. Ile ya kopo. Anasema mfuniko ulikuwa umefungwa. Mimi sikuwepo.

#23 Ngoja Ninywe Chai
Ukurasa wa pili ndo unatoa hiyo taarifa??? Chai imenipalia.

#24 Mwanamaji
Dah. Mkuu dawa nyingi za mbu za kopo ni jamii ya pareto, sio maua yenyewe siku hizi ni za kiwandani zinazoigiza pareto, kwa mtu hazina madhara makubwa ila kwa samaki ni sumu kali kuliko hata nilivyosema shaba. Mfuniko kufungwa si hoja, kingo zimenyanyuka! Na pampu iko kwenye kabati inavuta hewa ya chumba inaingiza moja kwa moja majini, binti_Ukunda alishasema hilo namba 12 kwa upande wa vanishi. Siku ya kupuliza unazima pampu, unafunika na taulo lililoloa, unafungua madirisha ndo unawasha tena.

Nafuta nusu ya mashtaka dhidi ya papi.

#25 chizi_samaki
Mbona sasa walikufa wawili tu? Dawa ya mbu ingefagia wote kumi na moja usiku huohuo, yangu ilishanitokea, asubuhi nilikuta wote wanaelea. Huyu wa Jumatatu siku mbili baadae, wa pili Alhamisi. Hiyo ni kitu cha polepole. Joto.

#26 binti_Ukunda
Polepole ni vanishi.

#27 Mwanamaji
Polepole ni shaba.

#28 Ticha wa Fizikia
Inawezekana pia mbuna walipigana. Mkuu waliokufa walikuwa na mapezi yaliyochanika? Madume ya mbuna yakibanwa yanamchagua mnyonge mmoja mmoja. Ukibadili taa ghafla nao wanabadilika tabia.

#29 Bwana Kidimbwi
Wa pili mkia ulikuwa umeliwa. Nilidhani wamemla baada ya kufa.

#30 Kijana wa South B
Hii sasa ni postmortem.

#31 Fundi Umeme Mtaa wa Pili
Mnajadili samaki mie naogopa kwa ajili ya mwenye samaki. Choki za volti 230 ndani ya boksi lenye mvuke, vishikio vya tyubu havina mpira, na fremu inadondosha maji. Kwanza hakikisha kuna breka ile ya kukata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Pili waya wote unaotoka kwenye tanki ushuke chini kwanza kuliko soketi halafu ndo upande kuingia kwenye soketi, maji yakitiririka na waya yaishie kwenye kona ya chini yadondoke sakafuni. Tatu achana na hizo tyubu, weka LED za volti 12 zilizofunikwa silikoni, adapta ikae nje. Utapunguza joto na chizi_samaki atalala.

Ukiingiza mkono majini chomoa kwanza. Na kama ulishawahi kusikia vidole vinatekenya ukigusa maji, hiyo sio bahati.

#32 Bwana Kidimbwi
...nilidhani ni samaki wananigusa.

#33 Fundi Umeme Mtaa wa Pili
CHOMOA SASA HIVI

#34 Bwana Kidimbwi
Nimechomoa. Nimebaki na tochi. Asante sana fundi, sina la kusema.

#35 chizi_samaki
Aisee. Umeme nao unaweza kuwa umewasumbua samaki.

#36 Ngoja Ninywe Chai
Mtuhumiwa wa sita. Naomba orodha iandikwe ubaoni: joto, shaba, vanishi, dawa ya mbu, ngumi, umeme.

#37 Bwana Kidimbwi
Mrejesho baada ya wiki mbili. Nimebadili maji robo kila siku ya tatu, hakuna aliyekufa tena, wako tisa. Kwa hiyo sijajua ni kipi maana nimeondoa vyote kwa mpigo. Kwa sasa juu nimeweka wavu wa dirisha kwenye fremu ya alminiamu, mbaya lakini hawaruki.

Mfuniko mpya nimeanza, marini plai mm 18, kwa ndani mikono minne ya epoksi na ncha nimezijaza mpaka zimegoma kunywa, nje nitabandika vipande vyembamba vya mninga. Fremu hakuna tena, nimegundisha ukingo wa plai upande wa ndani sm 3 kutoka chini ndo unakalia kioo, ule ubao wa nje unashuka kuficha mstari wa maji. Nimeacha nafasi mm 4 kila upande maana ule wa kwanza ulikuwa unabana. Nyuma wazi pote, feni mbili, bawaba za chuma kisichoshika kutu. Nitausubirisha mwezi mzima, nanusa kila asubuhi kama baba yake binti_Ukunda.

Ule wa zamani mama watoto kauchukua uani kaweka majani makavu, kuna tetea anaatamia mayai kumi ndani yake. Lile bonde la katikati limemfaa ajabu.

#38 MsumenoButu
Epoksi mikono minne hapo umekuwa mtu mzima. Ila kabla ya kubandika huo mninga wa nje nao uupake nyuma, la sivyo tutakutana tena hapa. Tetea nae umetoa zile papi za dawa?

#39 Bwana Kidimbwi
Nimezitoa mkuu, nilijua mtauliza.

#40 mgeni_mpya88
Habari wakuu, uzi mrefu sijasoma wote. Nataka kutengeneza mfuniko wa tanki la samaki, hivi MDF inafaa?

#41 Kijana wa South B
Inafaa sana, samaki watapata pango. Soma namba 5 boss.